Jino Limetoka, Cherehani Usiiuze

Nzuguni, Dodoma

Kwako Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kifua cha Bibi kinaendeleaje na baridi ya huko Makete? Nawe mgongo umeacha kukusumbua? Mimi ni mzima, na safari hii siandiki hivyo kwa mazoea tu. Jino limetoka.

Najua Mama Mdogo alikupigia, nami nikapewa simu, nikaweza kusema neno moja tu: "Usiuze." Mdomo ulikuwa bado na ganzi, na unajua simu hunifunga maneno. Ndiyo maana nakuandikia.

Tangu siku ile nikiwa darasa la tatu, waliponishika watu watatu ning'olewe jino kabla ganzi haijakolea, niliapa sitakaa tena kwenye kiti kile nikiwa macho. Uliposema utauza cherehani ili nipigwe nusu kaputi, nilinyamaza. Nisamehe, Mama. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka uiuze.

Jumanne Mama Mdogo aliomba ruhusa ofisini kwake, tukaenda kwa daktari wa meno, mzee mmoja mwenye sauti ya chini. Akatueleza. Kung'oa ni elfu thelathini, na ganzi imo humo humo. Kidonge cha kutuliza hofu kinaongeza kidogo, ila lazima uwe na mtu wa kukurudisha nyumbani. Gesi ya kuvuta puani yeye hana. Nusu kaputi ni mpaka hospitali kubwa, na vipimo, na kitanda. Inafika laki tano.

"Laki tano kwa jino moja?" Mama Mdogo akashangaa. "Kwani la dhahabu hilo?"

"Lingekuwa la dhahabu ningeling'oa bure," daktari akajibu. Kisha akanigeukia. "Unaogopa nini hasa, binti?"

Nikasema, "Kwamba nitasema basi, na hamtaacha."

Akasema, "Tujaribu ganzi kwanza. Ukitaka nisimame, nyoosha mkono wa kushoto. Wa kulia uko upande wangu, utanimwagia vyombo."

Sindano ikaingia, tukasubiri mpaka mdomo ukawa kama si wangu. Alipoanza kulitikisa, hofu ile ile ikapanda. Nilitaka asimame. Lakini mkono wa kushoto, Mama, kwa mtu wa umri wa Babu! Ulishanichapa kwa kumpa mgeni kikombe kwa mkono huo. Nikaukalia. Machozi yakatiririka mpaka masikioni.

Akasimama mwenyewe. "Mbona hunyooshi mkono?"

"Ni wa kushoto," nikasema kwa ulimi mzito, "na wewe ni mzee."

Nesi akaangua kicheko. Mama Mdogo naye kule kwenye benchi, "Huyo ndiye mtoto wa dada yangu! Atakufa na adabu zake." Daktari hakucheka. Alisukuma meza ya vyombo, akageuza taa, akahamia kushoto kwangu. "Haya. Sasa wa kulia ni wako."

Niliunyoosha mara tatu, akasimama mara tatu. Mara ya nne niliunyoosha nione tu. "Hiyo ya kunijaribu," akasema, lakini alisimama. Baadaye kidogo nikasikia kitu kinagonga kwenye bakuli la chuma. Kumbe ndilo.

Kwa hiyo kama yule mnunuzi wa cherehani amekupa arubuni, tafadhali mrudishie.

Kuna jambo jingine, ambalo kwa mdomo nisingethubutu. Unatafunia upande mmoja tangu nikiwa mdogo, na ukiulizwa unasema umezoea. Nimemwambia daktari habari zako. Amesema uje, na mimi nitaomba ruhusa shuleni siku hiyo nikae karibu na kiti.

Msalimie Bibi, na kaka Elia mchunga ng'ombe wetu, na Mama Tuma jirani aliyenishonea begi. Mama Mdogo anakusalimu sana.

Mwanao anayekupenda,
Neema