Nywele Zilizokutwa Ukutani kwa Nicasia

KITUO CHA POLISI, WILAYA YA WAYLLAPAMPA, PERU
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Hermelinda Ccahuana Puma
Umri: miaka 73 kwa cheti, mwenyewe anasema cheti kilichelewa
Kazi: mkulima wa viazi, mfumaji, mpokeaji wa wageni
Makazi: Jumuiya ya Qasapata, nyumba ya bati jipya, juu ya kanisa
Tarehe: 17 Agosti, Jumapili, saa tatu asubuhi
Mbele ya: Sajini Wilfredo Carbajal

Kabla sijasema lolote, Sajini, andika hili: huna adabu. Umemfunga Nicasia, mama wa mtoto mdogo, kwa sababu hukumwelewa, na kutokuelewa kulikuwa kwako, si kwake. Ulimuuliza kwa Kihispania nywele hizi ni za nani. Akakujibu kwa Kikechua, vizuri kabisa, nawe ukaandika kwamba mtuhumiwa amekataa kujibu. Mimi Kihispania cha sokoni ninacho, kwa hiyo leo utasikia. Umeniomba niseme polepole. Nitasema polepole. Wewe andika yote.

Sikuja hapa kwa mapenzi. Nicasia Champi ni jirani yangu, na mimi naye hatupikiki chungu kimoja, muulize yeyote. Nimekuja kwa sababu nilikuwepo na macho yangu bado yanaona.

Mnamo tarehe 12 Agosti, Jumanne, yapata saa nne asubuhi, nilikuwa uani kwangu nikipepeta shayiri. Nikamwona Rolando Tupayachi, yule kijana wa hapa mjini anayetembeza wageni, anapandisha njia na mwanamke wa kizungu. Mrefu, wa makamo, nywele za kahawia, koti jekundu. Jina lake Henrike, Mjerumani. Sisi tulimwita Bi Enrika, naye akaitika.

Zamu ilikuwa yangu. Kwetu mgeni hachagui nyumba. Wageni tunagawana kwa zamu kama tunavyogawana maji ya mfereji, kila nyumba siku yake, asiwepo wa kushiba peke yake. Rolando analijua hilo. Hata mbwa wa Qasapata wanalijua, hawambwekei mwenye zamu. Nilishajiandaa tangu alfajiri: simbilisi wawili, hawa wanyama wadogo tunaowafuga jikoni, wamechinjwa, supu ya nafaka ya kinoa iko motoni, kitanda cha mbao, mablanketi matano niliyoyafuma mwenyewe, choo cha vigae.

Bi Enrika aliingia, akanisalimia kwa heshima. Halafu badala ya kutazama kitanda akatazama ukuta. Akaupapasa. Akauliza, “Mama, ukuta huu ni wa lini?”

Nikamwambia kwa fahari, “Wa mwaka juzi. Saruji tupu. Hakuna hata jiwe moja kuukuu humu.”

Akasema, “Ni mzuri sana,” kwa sauti ile ya mtu anayekataa chakula. Akatoka.

Nilishangaa. Nimepokea wazungu wengi, Sajini. Wanauliza maji ya moto, wanauliza pa kuchajia simu, wanauliza kama blanketi lina viroboto. Hakuna aliyewahi kuniuliza umri wa ukuta. Nikaacha shayiri nikamfuata. Hakuna aliyenialika. Nilitaka kujua, na kutaka kujua si kosa, maana wewe mwenyewe unalipwa kwa kazi hiyo.

Rolando alikuwa nyuma yake akinung'unika. “Bi, turudi mjini. Hosteli ya shemeji yangu ina maji ya moto na televisheni.”

“Televisheni ninayo kwetu,” akamjibu.

Akawa anachungulia nyumba moja baada ya nyingine, anagusa kuta, anatikisa kichwa, anaendelea. Nikachoka kubahatisha nikamuuliza, “Binti yangu, umepoteza nini?”

Akaniambia amezunguka nchi yetu majuma matatu. Mchana anakata tiketi kwenda kuona mawe ya wazee wetu yamezungushiwa kamba asiyaguse. Usiku analala hotelini, kwenye kuta kama za kwao. Sasa anataka kulala mahali ambapo mawe hayajaachwa na watu, ambapo tangu yalipopangwa kuna mtu anapika humo. Nikaona ameshikwa na ugonjwa wa milimani. Nikampa majani ya koka atafune.

Ndipo akafika kwa Nicasia. Nyumba ile mimi naionea aibu kwa niaba ya mwenyewe. Paa la nyasi, moshi mpaka machozi, simbilisi wanakukimbilia miguuni. Ila sehemu ya chini ya ukuta ni kazi ya mababu: mawe makubwa yameshikana bila udongo, hata wembe haupenyi, na ndani kuna vishubaka ambamo Nicasia huweka chumvi na vijiko. Nicasia alitoka anafuta mikono, akaanza kuomba radhi kwa Kikechua, “Utusamehe, Bi, saruji hatujaipata bado.” Mzungu hakumsikia. Alikuwa ameshaweka sikio kwenye jiwe kama daktari.

“Anasikiliza nini?” Nicasia akaniuliza.

“Panya wako.”

“Wa kwangu wana adabu, shangazi. Hawasemi mbele ya wageni.”

Bi Enrika akatua mzigo wake chini. “Hapa,” akasema.

Hapo nikapandisha sauti. Ni kweli nilisema mbele ya Rolando kwamba Nicasia ameniibia mgeni. Nilisema, na leo nasema tena: aliniibia, ilikuwa zamu yangu. Kwetu mwizi wa zamu anashtakiwa kikaoni, anatozwa siku moja ya kuvuna viazi kwenye shamba la aliyeibiwa, basi. Rolando alikuletea maneno yangu akaacha hayo ya viazi. Alishuka mjini mchana uleule amevimba kama chura, akasema atarudi Ijumaa kumchukua mteja wake. Kwa hiyo yaliyofuata hayajui. Mimi nayajua.

Jioni Mzee Grimaldo, kiongozi wetu wa jumuiya, akaitisha kikao uwanjani. Kikao kikaamua: mgeni ni wa Hermelinda. Nikainuka nikatwaa shali langu nikamchukue. Nicasia naye akainuka. Mwanamke yule ana ulimi wa sindano.

“Shangazi Hermelinda,” akasema, “mgeni ana zamu. Je, ndugu naye ana zamu?”

“Ndugu hana zamu. Lakini huyu ni ndugu yako kwa upande gani? Wa babu yako aliyezaliwa Ujerumani?”

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. “Kesho mwanangu Yaritza anakatwa nywele za kwanza,” akasema. “Bi Enrika ndiye atakayeshika mkasi.”

Sajini, wewe ni mtu wa pwani na huku una mwezi mmoja, ndiyo maana nakuambia jambo ambalo sijawahi kumweleza mtu mwenye ndevu. Kwetu mtoto hanyolewi tangu azaliwe mpaka atembee na kusema vizuri. Nywele zinajisokota kama kiota, jua la huku juu linaziunguza zinakuwa za kahawia. Siku yake ikifika anachaguliwa mtu wa kukata kishungi cha kwanza na kuweka zawadi sahanini. Tangu hapo yeye ni mama wa nywele wa yule mtoto, ndugu wa nyumba ile mpaka kaburini. Na nywele zinafungwa kitambaani pamoja na zawadi, zinakaa ndani ya nyumba. Zikitupwa ovyo, mtoto naye ametupwa.

Nicasia alikuwa amepanga kumnyoa mwanawe mwezi wa kumi. Alisogeza siku ili anifunge mdomo. Na akanifunga. Nilibaki nimesimama na shali mkononi, najiuliza amepata wapi akili kama yangu.

Mnamo tarehe 13 Agosti, Jumatano, adhuhuri, nilikwenda kwenye kunyoa. Ugomvi ni ugomvi, na sherehe ni sherehe. Tena walinihitaji, kwa kuwa mzungu hajui Kikechua, na Nicasia Kihispania chake kinaishia kwenye bei ya vitunguu. Bi Enrika alishika mkasi. Akaniambia, “Mama, muulize. Nikikata, nitadaiwa nini?”

Sikumuuliza Nicasia. Nilimjibu mwenyewe. “Utadaiwa kila kitu. Akiugua utatafuta dawa. Akiolewa utakuja. Akikua mjinga tutakulaumu wewe.”

Akamtazama mtoto, akatazama lile jiwe nyuma yake. Nikadhani ataweka mkasi chini, nami nitamchukua mgeni wangu nikampe supu, maana nilikuwa naipasha moto tangu jana yake. Akakata. Akaweka sahanini noti za kwao, akalia bila kujificha. Kishungi cha pili nilikata mimi, nyuma ya sikio la kushoto, na mtoto akanipiga teke la tumbo. Baadaye tukanywa pombe ya mahindi, na mimi nikacheza. Sikucheza na Nicasia.

Mnamo tarehe 14, Alhamisi, jua lilipochomoza, walipita mbele ya lango langu: Bi Enrika na Teófilo, mume wa Nicasia, na farasi wao. Mama wa nywele lazima apande malisho ya juu amfunge mtoto wa alpaka uzi mwekundu sikioni kwa mkono wake mwenyewe, na huyo atakuwa mnyama wa mtoto. Bi Enrika alikuwa amevaa sketi tatu za Nicasia na mashali mawili. Koti jekundu aliliacha, kwa kuwa Nicasia alilipapasa akasema hilo ni mfuko wa nailoni na baridi ya juu italicheka. Mzigo aliuacha, wa nini kwenye malisho? Simu ilikuwa imezimika.

Nilikuwa bado nina hamu ya kujua. Nikamuuliza, “Haya, umelala mara mbili kwenye ukuta wako. Umesikia nini?”

“Simbilisi,” akasema. “Usiku kucha.”

Nilicheka mpaka nikashika lango. Naye akacheka, wakapanda. Hiyo ndiyo mara ya mwisho kumwona, alikuwa mzima, juu ya farasi, amekaa vibaya.

Mnamo tarehe 15, Ijumaa, Rolando alipanda akakuta koti na mzigo nyumbani kwa Nicasia, mwenyewe hayupo. Nicasia akamwonyesha mlima kwa mkono. Rolando anajua Kikechua, alifundishwa na mama yake, lakini mbele ya wageni hujifanya amekisahau, na siku hizi nadhani amekisahau kweli. Hakuja kuniuliza. Alishuka mbio kwako.

Jana tarehe 16 mlifika nyinyi. Mimi nilikuwa shamba la chini. Niliporudi nikakuta mlango wa Nicasia uko wazi, masufuria yako chini, na mtoto anapiga kelele mikononi mwa majirani. Nikaambiwa mmekuta kitambaa kwenye kishubaka, ndani nywele za kahawia na noti za kigeni, mkasema mzungu ameuawa. Mtoto amelala kwangu. Hakulala, kusema kweli. Aliuliza mama yake yuko wapi mpaka sauti ikakauka, na mimi nikamtembeza uani mpaka kukakucha.

Sasa maneno yanatosha. Nimemleta, huyu hapa mgongoni. Mvue kofia wewe mwenyewe, taratibu, ndio kwanza amepata usingizi. Umeona kichwa? Kama shamba lililoliwa na kondoo, ndivyo ndugu wote wanavyokata, kila mtu na mkono wake. Leta hizo nywele. Usizishike hivyo, si mkia wa ng'ombe. Ziweke nyuma ya sikio la kushoto, pale nilipokata mimi. Tazama ncha zake, ni nyembamba kama ulimi wa moto, kwa kuwa hazijawahi kukutana na mkasi. Mwanamke wa miaka hamsini hana ncha kama hizo. Mama yako hana. Mimi sina.

Umeniuliza kwa nini hawajarudi. Kwenda na kurudi ni siku tatu kwa mtu asiyezoea, na usiku wa Ijumaa theluji ilianguka kwenye mlango wa mlima, pale njia inapovukia. Leo asubuhi nimeona moshi kwenye kibanda cha malisho. Nani amewasha moto ule sikumwona. Nisichokiona sikisemi, ingawa wengine hapa mjini wamekuzoesha kusikia wasiyoyaona.

Nimesema niliyoyaona na niliyoyasikia, na hakuna aliyenituma.

(Alama ya dole gumba la kulia la shahidi)

MAELEZO YA AFISA: Nimeyaandika haya kama shahidi alivyoyatamka. Nimemsomea, akanisahihisha mara mbili. Nilipoandika “kikongwe” amenitaka nifute niweke “mwenye nyumba”, nimefuta. Kichwa cha mtoto nimekiona na nywele nimezilinganisha mbele ya shahidi; zinafanana kwa rangi na kwa ulaini. Nimemwomba asubiri nje. Amekataa, amesimama mlangoni mwa mahabusu na mtoto mgongoni. Ameagiza maneno yafuatayo yaongezwe chini ya dole lake, nami nimeyaongeza bila kupunguza:

“Fungua mlango huu, umpe Nicasia mwanawe. Nywele zifunge kitambaani na noti zake kama mlivyozikuta, umkabidhi yeye mkononi, mbele ya watu. Kisha utafute farasi upande malisho ya juu wewe mwenyewe, leo, kabla theluji haijaanguka tena, na usirudi huku chini mpaka umemwona Bi Enrika kwa macho yako.”

Wilfredo Carbajal, Sajini