Abdulrazak Anipulizie Kipimo cha Mapafu?

Shikamoo Bi Thuraya, naomba msaada wako na usinicheke, maana mimi hapa Kariakoo nikipita na gunia mbili mgongoni hata mkokoteni unanipisha, shule niliishia la saba lakini ujanja ninao wa kugawa, ila hili limenishinda.

Nabeba mizigo kwenye stoo ya viungo karibu na Msimbazi, pilipili kavu, bizari, tangawizi, humo ndani vumbi linakaa hewani kama limelipia pango, na kwetu anayefunga kitambaa puani tunamwita bibi harusi, kwa hiyo hafungi mtu. Sasa bosi wetu, Mzee Anselmi, kaleta nesi, Sista Euphrasia, anajiita nesi wa afya kazini, yaani wagonjwa wake siyo waliolala wodini, ni sisi tuliosimama, na Alhamisi kila mtu apulize kwenye mashine ya kupima mapafu. Bi Thuraya, mimi nakohoa, hasa nikicheka, na mimi mtu wa kucheka. Huyo nesi analipwa na Mzee Anselmi, sasa majibu atampelekea nani kama siyo yeye, na mwenye kifua kibovu atabakizwa stoo afanye nini, wakati mama na wadogo zangu wanakula kwa mgongo huu?

Juzi nimejibanza nyuma ya magunia nikamsikia mzee akimwambia sista kwamba wakishapimwa amletee majina ya wenye vifua vibovu, awapumzishe mapema. Sista akasema, "Nipe mpaka Jumatatu mzee, kwanza niongee na chama." Nikaulizia, kumbe manesi wa makazini wana chama chao, wanakutana, wanafundishana. Wanafundishana nini kama siyo namna ya kutupunguza? Mimi siyo wa kuingizwa mjini.

Mpango wetu ni huu: mwenzetu Abdulrazak anapiga tarumbeta kwenye maharusi, pumzi yake inafika Ilala. Apulize kwa jina lake, kisha abadili kofia arudi kwa jina langu, sista ni mgeni, sura zetu hajazishika. Nifanye hivyo, au nisusie kabisa?

Shomari, Kariakoo

Marahaba Shomari. Ujanja ulikuwa nao wa kugawa, naona umegawa wote.

Hofu yako siidharau. Bosi ndiye anayemlipa nesi, na bosi ametaka majina, lazima ushtuke. Lakini umesikia nusu, nusu nyingine umejitungia. Sista angetaka kuwauza, si angeitikia pale pale? Hospitalini nesi ana matroni na wenzake. Hapo stoo ana nani, magunia? Akibanwa, chama ndicho kinachomsimamia: wenzake wa kazi hiyo humkumbusha kwamba majibu ya kifua chako ni siri yako na yake, bosi aambiwe tu kama unafaa kazi hiyo au ubadilishiwe, na vumbi lipunguzwe vipi. Huko ndiko kufundishana unakokuogopa.

Sisemi umwamini kwa sababu ana chama. Wapo wenye chama na midomo haifungi. Alhamisi, kabla ya kupuliza, muulize mbele ya wenzako: majibu yangu atayaona nani, na chama kilikwambia nini? Akijiumauma, usipulize, nenda kituo cha afya, lakini kupimwa utapimwa. Akikujibu sawasawa, puliza, umweleze na hicho kikohozi.

Mpango wa kofia uache. Mashine itasema Shomari ni mzima, Mzee Anselmi atakuongezea gunia la tatu, nawe utalibeba na kifua kile kile. Abdulrazak hatakohoa badala yako.

Na kitambaa funga kuanzia leo. Wakikuita bibi harusi, itika tu. Mpiga tarumbeta si mnaye.