Mama Aliporudi Ubaoni

3 Machi

Binti yangu mpenzi,

Salamu tele. Sisi wazima, ila goti la baba yako linatabiri mvua kila siku. Na wewe, hiyo harufu ya rangi huko maabara ya kiwanda haikuumizi kifua?

Mwenzio nimekwama. Darasa letu la jioni limefika kwenye joto la mimenyuko ya kemikali. Tunatafuta joto linalotoka kaboni ikigeuka kabonimonoksidi, na mwalimu anasema halipimiki moja kwa moja. Kama halipimiki, tunalijuaje? Vijana wanaitikia "ndiyo, mwalimu." Mimi naona giza tupu.

Mama yako

11 Machi

Shikamoo Mama,

Mimi na kifua changu wazima. Baba mpe pole.

Halipimiki kwa sababu kaboni ikiungua, sehemu yake hupitiliza ikawa kabonidioksidi. Basi tumia milinganyo miwili inayojulikana. Kaboni hadi kabonidioksidi ni kilojuli hasi 394; hasi maana yake joto linatoka. Kabonimonoksidi hadi kabonidioksidi ni hasi 283. Huu wa pili ugeuze, mwisho uwe mwanzo, na alama nayo igeuke: chanya 283. Kisha jumlisha. Kabonidioksidi iko pande zote mbili, inafutika. Unabaki na nini?

Mwanao

20 Aprili

Shikamoo Mama,

Mbona kimya? Baba anasema huumwi, ila vitabu umevipandisha juu ya kabati. Nani kakuudhi?

Mwanao

2 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Kweli siumwi. Niliitwa ubaoni. Nikageuza mlinganyo, alama nikaisahau, nikapata hasi 677, joto kupita kiasi. Kijana mmoja akasema, "Bibi atatuunguza!" Darasa zima likaangua kicheko. Nikachukua mkoba wangu, nikatoka.

Siku zote nimekwambia niliacha shule kwa kukosa karo. Sivyo. Nilifukuzwa nikiwa na mimba yako, na siku ile pia darasa lilicheka. Nilikuficha usije ukajiona mzigo. Hukuwa mzigo hata siku moja.

Mama yako

9 Mei

Mama yangu,

Shikamoo. Nimelia mpaka mwenzangu wa maabara akadhani nimeingiwa na dawa machoni. Nimeomba ruhusa, Ijumaa nakuja. Vitabu vishushe.

Mwanao

30 Mei

Mwanangu,

Ulifika salama? Nyumba imekuwa kubwa tangu uondoke, hata baba yako anazungumza na redio.

Jana nilirudi darasani. Nilikwenda ubaoni bila kuitwa. Nikaandika: hasi 394, chanya 283. Jibu, hasi 111. Yule kijana akanyoosha mkono. Nikajikaza.

"Mama," akasema, "samahani. Hapo pa kugeuza alama, unaweza kurudia? Wengine hatujawahi kupaelewa."

Nikafuta ubao, nikaanza upya, polepole.

Mama yako