Kufuli la Pampu ya Dizeli

Jumatatu, 3 Aprili
Nimepima matangi kabla ya saa moja. Petroli safi. Dizeli safi. Mvua imeanza baadaye. Nimejaza rejista, nikaisoma tena mara tatu. Kanuni mpya zinataka tupime kila asubuhi kabla ya kuuza. Tangu biashara ya mafuta iachiwe watu binafsi, kila mwenye kiwanja kando ya barabara anataka kituo, na wakaguzi wameongezeka. Wa kwetu atakuja wiki hii, siku hawakutaja. Leseni ya Mzee Hamisi, mwenye kituo, inaisha mwisho wa mwezi. Chai imepoa mbele yangu.

Jumanne, 4 Aprili
Nimepima pakavu, safi; kisha mvua kutwa. Nimezisoma kanuni zote, hata viambatisho. Mzee Hamisi ananicheka, anasema ningekuwa hakimu. Yeye amekulia dukani kwa baba yake, mtu wa pwani, na anaamini biashara ni mdomo, si makaratasi. Mimi ni karani tu, si hakimu. Nina kidato cha sita na bado nashtuka mlango ukigongwa.

Jumatano, 5 Aprili
Maji kwenye tangi la dizeli.
Ile dawa ya njano tunayopaka kwenye fimbo ya kupimia imegeuka nyekundu. Baba Ambokile, anayehudumia pampu, hakushtuka. "Mwanangu, dawa umeipaka ofisini, ukavuka nayo uwanja mzima mvuani. Hayo ni maji ya mvua ya Tukuyu, siyo ya tangi."
Kweli. Sote hapa tunafanya hivyo, wala hatujawahi kufikiria. Niliona aibu. Akakata jani la mgomba, akanifunika nalo, nikapaka dawa palepale kwenye mdomo wa tangi. Nikapima tena.
Nyekundu. Vidole vinne vya maji.
Kanuni ziko wazi: acha kuuza, andika, toa taarifa. Nimeandika kwa wino. Nimefunga kufuli kwenye pampu.
Malori mawili ya chai yalikuwa yanasubiri. Dereva mmoja alinipigia kelele. "Dada karani, majani yangu yanaiva humu ndani! Kule Kiwira wanauza hadi kwenye madumu, hakuna anayefunga kufuli!" Utingo wake akauliza kama nimefunga na choo. Watu wakacheka.
Mzee Hamisi alifika mchana.
"Nani kafunga?"
"Mimi, mzee."
"Fungua. Na huo ukurasa uchane."
Nilimwambia kurasa zina namba.
"Na wewe una namba? Kesho usije."
Nimelia njia nzima hadi nyumbani Bulyaga. Ila sikufungua.

Alhamisi, 6 Aprili
Nimeamka na ufunguo wa kufuli mfukoni. Nilisahau kuukabidhi. Sasa nitaitwa mwizi juu ya yote. Nilikwenda kituoni mbio mbio.
Nilimkuta Mzee Hamisi kwenye mdomo wa tangi, mikono ya shati imekunjwa, Baba Ambokile amemshikia mwavuli. Amepima mwenyewe. Ameteka pia mafuta ya chini kabisa kwenye chupa ya kioo: dizeli juu, maji chini, mstari katikati umenyooka kabisa. Akaninyooshea ile chupa.
"Binti, yale malori yangezimika na chai yote mlimani."
Nikampa ufunguo. Akaukataa, akasema nikae nao. Amemwita fundi avute maji na kubadilisha mpira wa mfuniko wa tangi, umeoza kabisa, ndiko mvua ilikopenyea. Taarifa kwa mamlaka nimeiandika mimi. Ametia sahihi bila kuisoma. Nikamwomba aisome. Ameisoma.
Nimejivunia leo. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Ijumaa, 7 Aprili
Mkaguzi amekuja. Amepitia rejista ukurasa kwa ukurasa, akasimama kwenye Jumatano. Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza. Akauliza nani aliamua kufunga.
"Hapa kwetu tuna utaratibu," akasema Mzee Hamisi, kifua mbele.
Hapa kwetu! Baba Ambokile alitoka nje, nikamsikia akikohoa kicheko.
Mkaguzi akauliza mwandiko ni wa nani.
"Wa karani wangu."
Wangu. Juzi nilikuwa sina kazi.
Alipima tangi mwenyewe, akaridhika, akaruhusu tuuze. Leseni atapendekeza iongezwe muda. Mzee Hamisi hajaniomba radhi, na nadhani hataniomba. Sijali kama nilivyodhani ningejali.

Jumamosi, 8 Aprili
Mvua nyepesi. Mchana Mzee Hamisi alikuja na mgeni kutoka Kiwira, mtu anayejenga kituo na anayehangaika na hizi kanuni. Nilidhani watakaa nje waongee kama kawaida. Akamleta ofisini kwangu.
"Kaa na huyu. Atakuelekeza."
Ofisi ina kiti kimoja. Nimempa yule mgeni, nikabaki nimesimama, nikaanza na ukurasa wa kwanza.