Kunguni Mapokezini

Jumatatu, 6 Oktoba
Uji, vidonge, dirisha. Dirisha lina nondo. Tangu nitolewe Newala kuja kuuguzwa hapa Masasi, ghorofa ya pili ya gesti ya mwanangu, sijashuka hata siku moja. Miguu imekataa. Ngazi ni moja tu, inaishia mapokezini. Leo Mama Neema, mkwe wangu, ameleta sofa za sponji. Amezipanga chini ya ngazi. Nimezisikia zikiburuzwa.

Jumanne, 7 Oktoba
Wageni wanalaza pikipiki zao mapokezini kwa kuogopa wezi. Harufu ya petroli inanifikia kitandani. Petroli, sponji, magunia ya korosho, jiko la gesi la kuchemshia chai. Mapokezi yamepokea kila kitu isipokuwa akili. Nimefundisha sayansi maisha yangu yote. Moshi hupanda. Pakiwaka pale chini, ngazi inakuwa bomba la moshi na sisi wa juu tunakaushwa kama samaki.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nimemwita mwanangu. Kasimama mlangoni, simu mkononi.
"Baba, mbona unatutabiria mabaya? Mtungi wa kuzimia moto upo."
Upo. Umefungiwa stoo usiibwe.
Mama Neema kacheka. "Sasa Baba, mgeni aingie akute viti vya plastiki? Si ataenda kwa jirani?"
Nimekasirika. Wananibembeleza kama mtoto anayeogopa giza. Mimi nife, sawa, zamu yangu imefika. Lakini kesho wanakuja walimu wa semina. Watalala vyumba vya juu, nyuma ya nondo kama hizi.

Ijumaa, 10 Oktoba
Nimefanya jambo. Walimu wawili wa kutoka Chiwata, mizigo bado mikononi, walipita kunisalimia. Shikamoo, Mwalimu. Marahaba. Nikawaambia sofa za mapokezi zina kunguni.
Hazina. Nimechapa watoto wengi kwa uongo mdogo kuliko huu.
Kabla ya adhuhuri gesti ilikuwa tupu. Ningewaambia habari za moto wangecheka, wangelala. Kunguni wamewakimbiza.

Jumamosi, 11 Oktoba
Mama Neema hasemi nami. Nilimsikia akilia jikoni. Hilo linaniuma.
Sofa zimetolewa uani. Habari imeshafika sokoni, hakuna wa kuzinunua, basi mwanangu akaamua kuzichoma. Nilitazama. Njiti moja ya kiberiti. Hakuwahi hata kurudi nyuma vizuri. Moto ulimrukia, moshi mweusi mzito ukapanda ukuta mpaka kwangu. Akabaki ameziba pua kwa shati, anakohoa. Kisha akainua macho. Akatazama dirisha langu. Akatazama nondo.
Mchana nilisikia magunia yakitolewa. Baadaye akaja fundi wa kuchomelea kupima madirisha. Nondo zitawekewa bawaba, zifunguke kwa ndani. Nilikaribia kumwambia, "Nilikwambia."

Jumapili, 12 Oktoba
Mama Neema amepanda na chai. Akaketi ukingoni mwa kitanda.
"Baba, wale kunguni uliwaona kwa macho?"
"Macho yangu haya yasiyoshuka ngazi, mama?"
Akanitazama. Akacheka kidogo, akaondoka na kikombe.
Jioni padri ameniletea komunyo. Nimeungama hasira, kiburi, maneno makali kwa watoto wangu. Ya kunguni sikuyataja. Kuungama kunataka majuto, nami nimeyatafuta siku nzima sikuyaona.
Akauliza, "Kuna lingine, Mwalimu?"
Nikasema hakuna.
Huo ni uongo wa pili. Nauandika hapa.