Paka wa Uani Wanabaki

Nyuma ya Kiwanda cha Mafuta,
Ayvalık.
9 Novemba

Mpendwa mdogo wangu Vedat,

Hujambo huko Köln? Na wifi yangu Ulrike je, mgongo umepoa? Mimi mzima, ila goti hulalamika mvua ikikaribia. Zeituni zimezaa vizuri. Nimekuwekea madumu mawili ya mafuta.

Barua yako nimeipata. Unasema jirani yetu Hikmet alikupigia simu kulalamikia paka wa uani, nawe unataka niwaondoe ili tusigombane naye. Kabla hujashika upande wake, nisikilize.

Mwezi wa nane alisimama ukutani akanitangazia, "Dada Nermin, hao paka wasipoondoka nawawekea sumu!"

"Thubutu! Nipe mpaka Oktoba iishe. Wakikusumbua baada ya hapo, nitawahamisha mwenyewe."

Nikaazima kizimba cha kunasia kwa Daktari Sevil wa wanyama. Kwa dagaa nikawanasa sita kati ya saba, mmoja mmoja. Daktari akawahasi, akawakata ncha ya sikio ili wajulikane kuwa wamehasiwa, nami nikawarudisha palepale.

Nilidhani watatulia siku hiyohiyo. Wapi! Nilipowafungulia walichomoka mbio, siku tatu sikuona hata mkia. Waliporudi walitoleana meno, maana walinukia dawa. Na Kömür, lile dume jeusi, aliendelea kupigana na kukojolea mlango wa Hikmet wiki tatu nzima.

"Umemhasi bure!" Hikmet akanicheka. "Bado ni sultani huyu."

Daktari alinieleza kwamba nguvu za dume huchukua wiki kadhaa kuisha mwilini. Basi kila asubuhi nikauosha ule mlango kwa siki, Hikmet akinitazama.

Wiki ya tano, kimya. Harufu ikaisha, vilio vikaisha. Kömür, ambaye hakuvumilia dume mwenzake, sasa hulala amebanana na yule wa rangi ya chungwa juu ya tangi la maji. Wamenenepa. Tena paka wageni wakitokea bandarini, hawahawa ndio huwatimua.

Oktoba ilipokwisha nilimgongea Hikmet. "Haya, wamekusumbua?"

Akakuna kidevu. "Nisiseme uongo, nalala. Lakini yule jike wa kijivu je? Akizaa, tunaanza upya."

Hapo alisema kweli. Jike huyo alikuwa amenikwepa mara nne, kizimba alikijua.

"Basi njoo umnase wewe," nikamwambia.

Jana akaja na kamba. Akaifunga kwa namna yake kwenye mlango wa kizimba, akauacha wazi, akajibanza nyuma ya mapipa saa mbili nzima, mzee wa miaka sabini na minne, hata kukohoa hakukohoa. Jike akaingia. Kamba ikavutwa.

"Nimempata, Nermin! Nimempata!" Mtaa mzima ulimsikia.

Leo jike yuko kwa daktari. Kesho anarudi hapa, kwao. Siwaondoi, Vedat. Hikmet akikupigia tena, muulize kizimba tunakifungua saa ngapi. Amesema atakayekifungua ni yeye.

Nisalimie Ulrike na binti yenu Defne, mwambie shangazi anamngoja kiangazi. Mungu awalindie nyumba yenu.

Akupendaye tangu nilipokuwa nikikubeba mgongoni,
dada yako Nermin