Mpango wa Pe Thaung

Monywa, 3 Julai 1996

Mwanangu Nwe Yin,

Pokea salamu za baba yako. U hali gani? Mumeo hajambo? Na huyo mjukuu wangu, ambaye nasikia ana miaka sita na meno ya mbele yameshang'oka? Mimi ni mzima, ila magoti hunitangazia mvua kabla ya mawingu. Anwani yako nimeipata kwa binamu yako Khin Oo, alipokuja huko kuuza maharage yake. Usimgombeze, mimi ndiye niliyemng'ang'ania.

Ni miaka tisa, najua. Nisingethubutu kukuandikia kama si jambo lililonishinda peke yangu.

Wiki iliyopita alikuja U Ba Hlaing, katibu wa chama cha wachezaji kule Mandalay. Wanachapisha kitabu kidogo cha sataranji yetu. Alinikuta kwenye duka la chai la Daw Khin Than, mbele ya watu wote, akasema: "Mzee, Wazungu kete zao zimeshapangwa tangu zamani. Sisi kila mtu hulipanga jeshi lake nyuma ya pazia, na pazia likiondolewa ndipo tunamjua mtu. Wazee wakifa na mipango yao, mchezo umekufa. Tunautaka mpango wako, Mpango wa Pe Thaung."

Mwanangu, watu walipiga makofi. Nami nikanywa chai yangu.

Wewe unajua mpango ule ni wa nani. Kete mbili za gari upande mmoja, mfalme kajibanza pembeni, jemadari mbele yake kama mlinzi wa mlango: ulikuwa na miaka kumi na sita uliponipangia jikoni, mchele ukiungua. Miaka mitatu nilishinda mashindano ya kwenye hekalu la pagoda kwa akili yako, na jina likawa langu.

Niambie nifanye nini.

Baba yako

*

Pathein, 11 Agosti 1996

Baba,

Shikamoo. Sisi wazima. Mume wangu Soe Tint yuko kiwandani, anakoboa mpunga. Mjukuu wako Hnin Phyu ameanza shule. Mimi napaka rangi miavuli, maua kwa siku nzima, mpaka nikifumba macho naona maua. Pole na magoti. Chua kwa mafuta ya ufuta, na uache kukaa kwenye vile vibao vifupi vya Daw Khin Than.

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikakaa nikaisoma tena. Nilitaka kukujibu kwa hasira. Ninayo ya kutosha. Yule mtu wa Shwebo alipokuuliza, "Na huyu binti yako anacheza?" nami nimeshika birika, ulimjibu nini? "Huyu? Huyu anajua kufuta vumbi kwenye ubao." Duka zima likacheka. Nawe ukacheka, Baba. Asubuhi ile ile nilikuwa nimekaa nawe tukipanga mchezo wako wa nusu fainali.

Lakini siwezi kukukasirikia sawasawa, kwa sababu nami nina langu, na limeniharibia usingizi kwa miaka tisa.

Karatasi niliyokupa kwa ajili ya fainali ilikuwa ya uongo. Niliupanga mpango ukiwa na tundu. Ukiutazama ni mzuri, lakini gari la adui likishuka upande wa kushoto, mfalme wako hana pa kwenda. Nilitaka ushindwe mbele ya watu wale wale waliocheka. Ukashindwa. Nilikuona unarudi nyumbani umeshika kofia mkononi, ukala wali mkavu bila mboga. Nilishindwa kukutazama. Siku ya tatu nikapanda basi.

Ulidhani niliondoka kwa hasira. Niliondoka kwa aibu.

Basi, usiniulize mimi ufanye nini.

Mwanao

*

Monywa, 29 Agosti 1996

Mwanangu,

Salamu kwenu nyote. Mafuta ya ufuta nimeyapaka, magoti yanakushukuru.

Nimekaa na barua yako siku tatu. Sasa nisikilize, na uniamini, maana uongo nimeuchoka.

Karatasi yako sikuitumia.

Baada ya kusema yale maneno dukani, chai yangu niliiacha ikapoa. Nilikuona ulivyoweka birika mezani bila sauti. Ningekuwa mtu ningekufuata jikoni nikuombe radhi. Badala yake nilijiambia: kesho nitashinda kwa kichwa changu mwenyewe, ili lile nililolisema liwe kweli. Pazia lilipofungwa, karatasi yako ilikuwa mfukoni, sikuikunjua. Nilipanga kete mimi. Pazia lilipoondolewa Ko Tun Shein, yule mtu wa Shwebo, alizitazama, akanitazama mimi, akasema taratibu, "Mjomba, leo unaumwa?" Hakuwa anadhihaki. Alinihurumia.

Nilianguka kabla kibanda cha jirani hakijamaliza kukaanga mkate. Ndipo nikajua kuwa miaka mitatu yote nilikuwa nasogeza mkono tu.

Kwa hiyo dhambi uliyoibeba si yako, Nwe Yin. Itue. Ulitaka nianguke, hilo kweli, lakini hukuniangusha wewe. Na laiti ningekuandikia mapema! Miaka tisa umejitesa kwa jambo ambalo halikutokea, kwa sababu mimi niliona haya kukwambia kuwa nilishindwa kwa ujinga wangu mwenyewe.

Mwezi wa kumi na moja chama kina mkutano Mandalay. Nitasimama niseme ukweli.

Baba yako

*

Pathein, 15 Septemba 1996

Baba,

Shikamoo. Hatujambo.

Nimelia mpaka Hnin Phyu akaniletea maji. Sitaandika mengi.

Simama useme. Hilo tu.

Mwanao

*

Monywa, 2 Desemba 1996

Mwanangu,

Salamu. Sijui kama nastahili kuuliza hali yako, lakini nauliza.

Sikusema.

Nilikwenda nikiwa na msuli mpya na maneno niliyoyakariri ndani ya basi. Waliniketisha mstari wa mbele. U Ba Hlaing akanisifu, akawasimulia vijana jinsi baba zao walivyokuja kwa mikokoteni kunitazama. Kisha akasema, "Mzee, neno." Nikasimama. Nikawaona vijana wamefungua daftari. Nikasema... nikasema mchezo huu unataka subira. Hayo ndiyo niliyosema. Wakanivika shada la maua. Na mchoro wa mpango nikawachorea kwa mkono huu huu.

Shada nimelitupa mtoni Chindwin. Usidhani ni jambo kubwa, hakuna aliyekuwa akinitazama.

Nitukane. Ninangoja.

Baba yako

*

Monywa, 20 Februari 1997

Mwanangu Nwe Yin,

Salamu zangu, na za Khin Oo. Hujajibu. Si haki yangu kulalamika.

Kila siku napita dukani, wananiita "bingwa." Zamani neno hilo lilikuwa kama sukari kwenye chai. Sasa nikilisikia nageuza uso kama mtu aliyeitwa kwa jina la mwizi. Daw Khin Than ameniuliza kama naumwa tumbo.

Nasikia kitabu kiko kwa mpiga chapa.

Mpe mjukuu wangu salamu, hata kama hutamwambia zimetoka kwa nani.

Baba yako

*

Mandalay, 17 Mei 1997

Mwanangu,

Salamu kutoka Mandalay. Joto la huku linachemsha maji ya kunywa. Mimi mzima, ila vidole vya mkono wa kulia vimevimba, na barua hii nimeiandika kwa vituo, basi usiushangae mwandiko.

Nilianzia dukani. Jumatatu iliyopita niliingia nikakuta wamejaa, ubao uko mezani. Nikasema, "Mpango mnaouita wangu si wangu. Ni wa Nwe Yin, binti yangu, yule aliyekuwa akiwaletea chai." Yule fundi baiskeli, U Hla Pe, mwenye mdomo, akasema, "Kwa hiyo miaka yote ile tulikuwa tunapigwa na msichana?"

"Mlikuwa mnapigwa na msichana," nikamwambia. "Mimi nilikuwa nawasogezea kete zake tu."

Wengine walicheka. Mmoja alitema mate akatoka. Ko Nyo Win, ambaye nilimshinda mara mbili na akaacha kucheza, alisogea karibu na ubao, akasema, "Mzee, ungesema mapema. Ningekuja kwako nimuombe anifundishe." Hilo liliniuma kuliko mate.

Kesho yake nikapanda basi. U Ba Hlaing nilimkuta kwa mpiga chapa, vitabu vimeshafungwa kwa kamba, mia tatu. Nikamweleza. Akaweka miwani mezani.

"Mzee, vimekwishachapishwa. Unataka nifanyeje? Nivichome?"

"Nipe kalamu."

"Ya nini?"

"Na kiti. Kisiwe kifupi, nina magoti."

Siku nne nimekaa pale. Katika kila kitabu, ukurasa wa arobaini na moja, nimekata jina langu, na juu yake nimeandika jina lako lote, na Monywa. Siku ya kwanza U Ba Hlaing alinuna. Siku ya pili akawa ananifungulia kurasa. Siku ya tatu akaniuliza, "Huyu binti bado anacheza?" Nikamjibu, "Sijui. Sijawahi kumuuliza." Mwanangu, ni kweli. Kwa maisha yangu yote sijawahi kukuuliza kama unapenda.

Chamani picha yangu wameishusha ukutani. Mimi ndiye niliyewashikia ngazi.

Nakutumia kitabu kimoja. Sikuombi chochote.

Baba yako

*

Pathein, 30 Juni 1997

Baba,

Shikamoo. Sisi wazima, mvua tu, miavuli haikauki na mwenye karakana ananung'unika. Vidole vyako vikoje? Vitie kwenye maji ya chumvi ya uvuguvugu.

Kitabu kimefika. Soe Tint alikifungua ukurasa ule akanisomea jina langu kwa sauti, kama mwalimu anayeita watoto. Hnin Phyu akauliza ni nani kaandika ovyo kwenye kitabu cha watu. Nikamwambia, "Ni babu yako." Akasema, "Babu yangu yupi?" Ndipo nikamweleza.

Sikukuandikia miezi ile kwa sababu nilitaka uumie. Uliumia, nami sikupata faida yoyote. Nisamehe. Kuhusu lako la dukani, bado halijaniisha, Baba, sitakudanganya. Kuna siku nipo katikati ya kupaka ua nasikia kile kicheko. Lakini sasa baada ya kicheko nasikia pia sauti yako ukimjibu U Hla Pe.

Uliandika kuwa hujawahi kuniuliza kama napenda. Napenda. Miaka kumi sijagusa kete, na huku hakuna hata mtu wa kucheza naye, lakini nikipaka mwavuli macho yangu bado yanagawa kitambaa miraba.

Halafu kuna jambo jingine. Mchoro wa ukurasa wa arobaini na moja una kosa. Farasi wa kushoto umemweka nyuma ya tembo. Hakukaa hapo hata siku moja. Alikaa mraba mmoja kando, na mpango wote umesimama juu ya mraba huo. Miaka mitatu ulimweka mahali pake kwa sababu nilikuandikia, hukujua kwa nini. Na sasa vitabu mia tatu vina jina langu juu ya kosa lako!

Mwambie U Ba Hlaing asivigawe. Tutakuja mwezi wa kumi, mimi na Hnin Phyu, siku za sikukuu ya taa, kwa basi la asubuhi kutoka Mandalay. Andaa kalamu mbili. Nami nitakueleza yule farasi anafanya nini pale.

Mwanao